Wazazi wa South B: somo la nyayo Jumamosi

Mama Neema: Habari za jioni wazazi. Jumamosi watoto wana somo la nyayo za dinosau pale uwanjani. Mwalimu Otieno, wanauliza mbona nyayo na si mifupa.

Mwalimu Otieno: Njema Mama Neema. Mfupa unakuambia mnyama aliumbwaje, unyayo unakuambia alifanya nini akiwa hai. Tena mzoga husombwa na mto ukazikwa mbali na alikofia. Unyayo hauhami.

Baba Imani: Kama zile za Laetoli, kule Tanzania?

Mwalimu Otieno: Hapana, hizo ni za jamaa za binadamu, miaka milioni 3.66 tu. Dinosau, ukiacha ndege, waliisha miaka milioni 66 iliyopita. Huku kwetu mifupa yao imepatikana Turkana, milima ya Lapurr. Na Tendaguru kule Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913. Giraffatitan wa huko, dinosau wa shingo ndefu, amesimamishwa Berlin, kimo mita 13.27.

Bi Zainab: Na pingili za shingo yake zina matundu ya hewa, kama za ndege. Zingekuwa mfupa mzito usio na matundu, shingo hiyo isingeinuka.

Baba Imani: Sasa mtoto akiona alama atajuaje ni ya nani?

Bi Zainab: Aanze na vidole. Vitatu vyembamba, ncha zina alama ya kucha, unyayo mrefu kuliko upana wake: mla nyama. Vitatu vinene na butu, upana unakaribia urefu: mla majani wa jamii ya Iguanodon. Shimo kubwa la mviringo na mbele yake alama ndogo ya mwezi mwandamo: sauropodi, wale wa shingo ndefu. Huo mwezi ni mguu wa mbele.

Bi Zainab: Halafu atafute mburuzo wa mkia. Ni nadra sana kuuona! Hiyo ni sababu mojawapo makumbusho yalibadilisha mifupa iliyosimamishwa zamani mkia ukiwa chini. Siku hizi mkia uko hewani na mgongo umelala.

Mama Neema: Na kasi? Imani ameniuliza mara kumi.

Mwalimu Otieno: Njia ni ya mtaalamu wa wanyama R. McNeill Alexander, 1976. Pima urefu wa unyayo, zidisha kwa 4, hicho ndicho kimo cha nyonga kwa kukadiria. Kisha pima hatua kamili: kutoka unyayo wa kushoto hadi wa kushoto unaofuata. Wengi hupima kushoto hadi kulia, wanapata nusu. Gawanya hatua kwa kimo cha nyonga. Chini ya 2 anatembea, zaidi ya 2.9 anakimbia, katikati ni mwendo wa kuharakisha.

Mwalimu Otieno: Mfano: unyayo sm 30, nyonga mita 1.2. Hatua ikiwa mita 1.8 jibu ni 1.5, na fomula yake inatoa kama km 6 kwa saa. Hatua ikiwa mita 3.6 jibu ni 3, kasi kama km 19 kwa saa. Watoto wajipime wao kwanza, mguu mara 4 halafu nyonga kwa tepu, waone makadirio yanakosea kwa kiasi gani.

Bi Zainab: Mwalimu, wasipime unyayo mmoja wakatosheka. Uzito hukandamiza hata tabaka za chini, na jiwe likipasuka baadaye unaweza kuwa unaona alama ya tabaka la chini, si pale mguu ulipogusa. Kucha hazipo, ngozi haipo, vidole vimefifia, na ukubwa unakudanganya. Matope ya majimaji nayo hujifunga mguu ukitoka, kidole kinabaki mstari tu. Wapime zote kwenye msururu, waziache zilizoharibika, ndipo watafute wastani.

Baba Imani: Nimeona picha ya mla nyama akimfukuza sauropodi, ati nyayo zinathibitisha.

Mwalimu Otieno: Hizo ni za mto Paluxy, Texas. Mtafuta visukuku Roland T. Bird alizichimba, kipande kiko New York. Njia zinafuatana kweli, lakini kufuatana si kufukuzana. Huenda wa pili alipita saa kadhaa baadaye. Kundi vilevile: nyayo nyingi kuelekea upande mmoja zaweza kuwa ni ufuo tu uliowaelekeza. Angalia kina kinalingana, njia zinapinda pamoja, na nafasi kati yao haibadiliki.

Bi Zainab: Mimi naipenda zaidi ile ya St. George, Utah. Mla nyama alikaa kitako kwenye matope, akaacha alama za makalio, miguu na mikono. Viganja vimetazamana, havikuelekea chini. Mifupa ya kiwiko na kifundo ilikuwa ikidokeza hivyo, lakini hapo tope lenyewe limeonyesha. Ile michoro ya mikono inayoning'inia viganja chini ni makosa.

Mama Neema: Asanteni sana. Plasta ya kuchukua umbo la unyayo tunachanganyaje?

Bi Zainab: Vikombe 2 vya plasta kwa 1 cha maji. Plasta ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kinyume chake ni madonge. Koroga polepole isishike mapovu, mimina pembeni mwa unyayo, si katikati, ingoje nusu saa. Mtoto asitie mkono ndani, plasta hupata joto ikikauka na inaweza kumchoma.

Baba Imani: Nitaleta tepu mbili na ndoo.