Tupeane uzoefu: ulimtafuta vipi bibi wa kwanza wa ukoo wenu kufika Malindi au Lamu?

Mwenye mada, Malindi

Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Naomba tukusanye yale tuliyoyapitia katika kuwatafuta bibi zetu wa mwanzo.

Wa kwetu alitoka Amu, yaani Lamu, kwa jahazi miaka ya 1860, Sayyid Majid, sultani wa Unguja, alipopeleka askari na watu kuifufua Malindi. Kabla ya hapo palikuwa magofu na msitu, tangu sultani wa Malindi alipohamishia kiti chake Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Majina ya wanaume aliofuatana nao tunayo, hata la nahodha. Yeye anaitwa mama wa fulani, basi.

Mimi nilimpata mashambani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za pwani, na kila mwenye shamba ikambidi apeleke dai lake na mashahidi. Wanawake nao walidai, maana binti alikuwa na fungu lake la urithi. Nilipekua karatasi za babu wote wa ukoo nisimwone. Kumbe yumo kwenye dai la mtu mwingine kabisa, pale inapotajwa mipaka: upande wa kaskazini, shamba la fulani binti fulani bin fulani. Jina lake, la baba yake na la babu yake, yote kwenye mstari mmoja. Siku hizi nikishika hati yoyote nasoma majirani kwanza, mwenyewe baadaye.

Haya, nanyi mlipitia wapi?

Wa Mkomani, Lamu

Wa aleikum salaam mwanangu. Huku Amu ukianza na wanaume utazunguka sana. Nyumba ya mawe alijengewa binti akiolewa, na mume ndiye aliyemfuata mke. Ukitembea mitaani utaona wikio, vivuko vya ghorofani, zimepita juu ya njia. Nyingi ziliunganisha nyumba ya wazazi na ya binti yao, ili mama avuke kwenda kwa mwanawe bila kushuka njiani. Kwa hiyo uliza nyumba. Hii ni ya nani, kabla yake ilikuwa ya nani, na kabla ya huyo? Bibi mmoja mwenye kumbukumbu atakurudisha vizazi vinne, mama kwa binti, na hatataja mwanamume ila kwa bahati.

Mimi nilisaidiwa na hati ya wakfu. Bibi yetu mkuu aliiwekea nyumba yake wakfu kwa mabinti zake na vizazi vyao, na wakikatika, iende msikitini. Mabinti wote wametajwa, hata mmoja aliyefia utotoni ambaye hakuna aliyemjua. Imeandikwa Kiarabu kwa mkono wa zamani, uende na mtu anayezijua hati zile, maana kusoma msahafu hakutoshi.

Na angalieni miaka. Tarehe ni za Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Mwaka 1331 unaanza Desemba 1912. Ukiambiwa bibi alikufa ana miaka 70 kwa hesabu ile, kwa hesabu ya Kizungu hajatimiza 68. Nimeona watu wakigombana juu ya kitu hiki kidogo.

Shajara za masharifu, yaani orodha za nasaba za kizazi cha Mtume, ni nzuri, lakini nyingi huandika wana wa kiume tu. Zisikupe matumaini makubwa.

Wa Siyu

Tafuteni sanduku. Wanawake wa visiwani waliandika. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na hakuwa peke yake aliyejua kushika kalamu. Kwetu ilitoka orodha ya mahari na vyombo, kwa herufi za Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili kitupu. Makaburi sikufaidika nayo. Mengi hayana maandishi.

Wa Ganda, Malindi

Mada inasema bibi "aliyefika". Wetu aliletwa.

Mashamba anayoyataja mwenye mada yalikuwa ya mtama na ufuta, yakalimwa na watu, na bibi yangu alikuwa mmoja wao. Mkataba wa 1873 ulifunga biashara ya utumwa baharini, watu wakaendelea kuletwa kwa miguu kutoka kusini. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907 alikuwa mtu mzima, akabaki palepale akilima kipande chake. Jina la ukoo tunalotumia mpaka leo ni la mwenye shamba. Ukifuata shajara yao utafika Hadhramaut, Yemen, na huko bibi yangu hayuko.

Karatasi hazikunipa kitu. Nilichokuwa nacho ni wimbo wa kutwanga ambao mama aliupokea kwa mama yake, maneno hatuyaelewi hata moja. Niliurekodi kwa simu. Siku moja nikamsikilizisha fundi mwashi aliyetoka Tunduru, kusini mwa Tanzania, kuja kufanya kazi Watamu. Akasema hicho ni Kiyao, akaendelea kuimba ubeti wa pili ambao sisi hatukuwa nao.

Mchangiaji mwingine, Malindi

Ndugu yangu, ya utumwa tungeyaacha. Watu wana mabinti wa kuozwa.

Wa Ganda, Malindi

Nimeandika ya kwangu. Ukoo wa mtu sikuutaja, na wa bibi yangu ndio huo nautafuta.

Wa Mpeketoni

Wetu ni wa juzi, lakini naye ni wa mwanzo. Shosho, yaani bibi, aliingia huku miaka ya 1970, skimu ya makazi ya Ziwa Kenyatta ilipofunguliwa, na bado yuko hai. Karatasi za shamba zimeandikwa jina la guka, babu, tu, ingawa yeye ndiye aliyefyeka na kukesha akifukuza nyani na nguruwe.

Nilimuuliza alifika mwaka gani, akasema hajui. Nikamuuliza alikuwa na mtoto gani mgongoni. Alijibu papo hapo: huyu mjomba wako, na meno hajaota. Kadi ya ubatizo ya mjomba ikatupa mwaka. Walio na wazee hai waulizeni hivyo, nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa mgonjwa, shamba lilikuwa na nini.

Mwenye mada, Malindi

Shukrani nyote, na wa Ganda hasa. Wa Mkomani, nina swali. Kama nyumba hupewa binti, basi bibi yetu alipohamia huku Malindi huenda aliacha nyumba Amu. Ingekwenda kwa nani?

Wa Mkomani, Lamu

Kama alimwacha binti mkubwa aliyeolewa, kwake. Kama sivyo, mtazame dada yake. Jina la baba na la babu unalo kwenye huo mpaka, na hilo ndilo tutakaloulizia. Tutaanza mtaa wa Mkomani, tusipopata tushuke mtaa wa Langoni. Usije Ramadhani, bibi ninayetaka kukupeleka kwake hapokei wageni kabla ya kufuturu, na baada ya tarawehi amelala.