Tupeane uzoefu: Kupanda milima mirefu kwa baiskeli yenye mzigo (Kitonga, Lushoto na kwingineko)

Meno22
Wakuu, tuweke hapa mambo ya kumsaidia anayepanda mlima na mabegi, hema na jiko juu ya keria. Nazungumzia Kitonga, ukitoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula, au Mombo hadi Lushoto kupitia Soni.

Naanza na gia maana ndizo zinazowashinda wengi. Baiskeli ya kawaida yenye meno 44 mbele na 18 nyuma inasogea zaidi ya mita 5 kila pedali ikizunguka mara moja. Ukiwa na mzigo mlimani, hiyo inaua magoti. Tafuta meno 22 hadi 26 mbele, na 34 nyuma. Kwa 22 na 34 unasogea kama mita 1.4, kwa hiyo ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 5 kwa saa. Usiidharau kasi hiyo. Mtu wa kilo 70, baiskeli kilo 15, mzigo kilo 20, mwinuko wa asilimia 6: kilomita 6 kwa saa zinadai wati kama 115, kilomita 9 zinadai kama 175. Ya kwanza wengi wanaimudu saa nzima. Ya pili inawamaliza kabla mlima haujaisha.

Fundi Spoku
Naongezea hapo kwa Mkuu. Ukifunga 34 nyuma, mkono wa gia wa nyuma (ule unaohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine) uwe mrefu na cheni iongezwe. Cheni ikiwa fupi, siku utakayoweka kubwa kwa kubwa (gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma pamoja) itaung'oa mkono huo. Kagua pia skrubu ya kuzuia mkono huo usipitilize: ikilegea, cheni inaruka sproketi kubwa (gia ya meno ya nyuma) na kuzama kwenye spoku, na mara nyingi hilo hutokea pale unapokanyaga kwa nguvu zote. Badilisha gia kabla mwinuko haujakaza, huku umepunguza kukanyaga.

Cheni ipime kwa rula: pingili 12 kamili (pini 25) ni milimita 304.8. Ikifika 306.5, nunua mpya, la sivyo itakula meno ya sproketi.

Halafu spoku. Gurudumu la nyuma liwe na spoku 36. Zinazokatika sana ni za upande wa sproketi, pale zinapopinda kuingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Watu wanalaumu mzigo, lakini mara nyingi chanzo ni kulegea: spoku iliyolegea inajikunja na kujinyoosha kila mzunguko mpaka chuma kinachoka. Zipapase mbili mbili kabla ya safari, uisikie iliyo dhaifu. Beba spoku tatu zenye urefu sawa na za gurudumu lako umezifunga kwenye fremu, pamoja na kifaa cha kufungulia frii wili (seti ya sproketi za nyuma). Bila hicho kifaa, spoku za upande huo huwezi kuzipachika.

Keria Mbele
Mzigo wote ukiwa nyuma, usukani unayumba ukienda polepole, na kwenye mwinuko mkali tairi la mbele linakuwa jepesi. Maji, vyakula na spana viweke mbele, chini, sawa kulia na kushoto. Hema na nguo nyuma.

Kona Kali
Malori jamani. Kona ikikata kushoto, tela halifuati njia ya kichwa cha lori, linakata kwa ndani, yaani pale pale ulipo wewe. Ukisikia lori linakuja nyuma karibu na kona hiyo, simama kabla ya kona, toka nje ya lami, lipite. Anzeni alfajiri, wakati mwanga umeshatosha na jua halijachoma.

Na tafadhali, msining'inie kwenye malori kama wabeba ndizi wa Burundi wanavyofanya kupanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama. Lori likifunga breki ghafla huna pa kukimbilia.

Jasho
Kwenye joto hesabu hadi lita moja ya maji kwa saa. Maji matupu hayatoshi: lita moja safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe, visiwe na kilima. Kula kidogo kidogo, ndizi au kiazi kitamu, kabla njaa haijauma.

Kusukuma si dhambi. Kasi ikishuka chini ya kilomita 4 kwa saa, shuka usukume. Unapumzisha mapaja na muda unaopotea ni mdogo sana.

Fundi Spoku
Tusisahau upande wa pili. Breki za rimu ukizibana mfululizo kwenye mteremko na mzigo, rimu inachemka na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, ukitumia ya mbele na ya nyuma. Kila baada ya kilomita chache simama. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukisikia joto, subiri ipoe yenyewe. Mipira ya breki ibadilishwe kabla mifereji yake haijafutika.