Wakuu, ukihifadhiwa kwenye baridi halafu ukaja kuamshwa, ni wewe au mtu mwingine?

MtuWaBaridi: Salamu wakuu. Nipo Columbus, Ohio, miaka 43, mzima wa afya ila usingizi hauji. Huku kuna mashirika yanahifadhi maiti kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, yakingoja sayansi ya kuwaamsha. Bei hainisumbui. Swali ni moja: atakayeamka ni mimi, au mwingine mwenye kumbukumbu zangu? Ubongo ukizimika, mawazo yanakuwa wapi?

Kitasa: Kuzimika si hoja. Kuna upasuaji wa mshipa mkuu ambapo mgonjwa hupozwa hadi nyuzi 18 hivi, moyo unasimamishwa, ubongo kimya, na anaamka anakumbuka nani anamdai. Wazo linakatika, mtu anabaki, mradi maungio ya seli za neva yamesalimika. Adui ni barafu. Ndiyo maana hawagandishi kama samaki: wanatoa damu, wanapitisha mishipani dawa ya kuzuia barafu, lengo hasa ubongo uwe mgumu kama kioo bila chembe za barafu. Ukichelewa saa kadhaa, vimishipa vya ubongo vinaziba, dawa haipiti, na pale isipofika barafu inajitengeneza. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Minnesota walihifadhi figo za panya hivyo hadi siku 100, wakazipandikiza zikafanya kazi. Figo, tena ya panya. Ubongo wa mtu hakuna aliyewahi kuurudisha.

BiTausi: Kila nafsi itaonja mauti. Mwanangu, hujasema kama una mke.

MtuWaBaridi: Yupo, na watoto wawili. Sioni kama inahusu.

WakalaBima: Inahusu sana. Shirika la Michigan wanachukua dola 28,000. La Arizona, kuhifadhi kichwa tu ni 80,000, mwili mzima unavuka 200,000. Wengi wanalipia kwa bima ya maisha. Yako mnufaika nani?

MtuWaBaridi: Shirika la Michigan. Nilibadilisha Machi, mke hajui. Kabla hamjanirukia: makato yanatoka kwenye mshahara wangu, na yeye ana kazi yake. Nimeshasaini. Mimi nimeuliza habari ya nafsi.

WakalaBima: Bima ya muda au ya maisha yote?

MtuWaBaridi: Miaka 20.

WakalaBima: Basi hata ingeanza mwaka huu, inakwisha una miaka 63. Ukifa na 64, senti hamna. Halafu ile 28,000 ni ya dawa na kuhifadhiwa. Timu ya kukungoja kitandani na usafiri ni juu yako. Rudisha hiyo kwa mke, kata nyingine ndogo ya maisha yote kwa ajili ya shirika. Na mwambie, maana ndiye atakayepiga simu saa nane usiku. Asipojua utalala mochwari siku tatu. Ikiwa ajali, daktari wa serikali anaweza kufungua fuvu kutafuta chanzo cha kifo, na hapo umekwisha.

Mzalendo77: Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti aliandika kuhusu Sasa na Zamani: marehemu yumo kwenye Sasa maadamu yupo hai anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho akifa, naye anaingia Zamani. Huyu anataka kuamka Zamani mzimamzima, nani amwite jina?

Kijiweni: Chai hii. Mtu anataka kuishi milele anakata bima ya miaka ishirini?

Pweza_Mkavu: Tena ya rangi, bila sukari 😂

Kijiweni: Wanachama wanavaa bangili ya maelekezo. Mleta uzi, yako imeandikwaje?

MtuWaBaridi: Ya chuma. Mbele jina na namba ya simu ya dharura. Nyuma: poza kichwa kwa barafu, usipasue, usitie dawa ya maiti. Naivaa chini ya saa. Mke anadhani ni ya mzio wa dawa.

Kijiweni: …Nimefuta neno chai.

BiTausi: Kwa hiyo siku ukizirai sebuleni, wahudumu wataisoma kwa sauti mbele yake.