Watoto wa darasa la tatu wanakwama kwenye kutoa kwa kukopa

Mwalimu_Newala:
Habari za jioni wakuu. Nina watoto 70 na kitu darasani. Leo nimewapa 403 toa 178, zaidi ya nusu wameandika 375. Yaani kila safu wanachukua kubwa wanatoa ndogo, juu iwe ipi, chini iwe ipi. Mmoja kaniuliza, "Mwalimu, tukishakopa tunalipa lini?" Nikakosa jibu. Mnafanyaje?

BintiMasasi:
Huyo mtoto ana akili! Achana na neno kukopa. Mimi nasema "kuvunja", kama unavyovunja noti dukani. Nilitumia komwe, zile mbegu za kuchezea bao: 10 kwenye kifuu cha nazi, vifuu 10 kwenye beseni moja. Kwa 403 wana mabeseni manne na komwe tatu, kifuu hakuna hata kimoja. Mwambie akupe komwe 8. Atahangaika, kisha mwenyewe atamwaga beseni apate vifuu 10, avunje kimoja. Sasa ana mabeseni 3, vifuu 9, komwe 13. Hapo ndipo aandike ubaoni, si kabla. (Usitumie korosho zilizobanguliwa. Nilijaribu, hesabu ikaishia tumboni.)

Mwalimu_Newala:
Komwe za kutosha watu 70 nazitoa wapi dada?

BintiMasasi:
Makundi kumi, na kila kundi beseni moja tu la kweli, hayo mengine yachore chini kwa chaki. Ukikosa komwe, mbegu za ukwaju.

Mzee_wa_Bao:
Ukwaju sawa, ila zikaushwe vizuri.