LCP inajaza moldi vizuri, mbona inapasuka kwenye maungio?

FundiSindano:
Wakuu, habari za kazi. Niko Ujerumani, zamu ya usiku, mashine ya kudunga plastiki. Tunatoa soketi ndogo za bodi za kielektroniki, ukuta milimita 0.3. Nailoni iligoma kufika mwisho wa moldi. Tumeweka LCP (polima ya fuwele kimiminika, aina ya plastiki) yenye nyuzi za glasi asilimia 30, imefika bila taabu hata nilipopunguza shinikizo, na pembeni haivuji. Ila nyuma ya kila tundu la pini, pale mikondo miwili inapokutana, pana mstari mwembamba. Pini ikiingia, soketi inapasuka hapohapo. Nimepandisha joto, nimeongeza kasi, wapi! Kitu kinatiririka hivi, kinashindwaje kushikana chenyewe kwa chenyewe?

Mama Polima:
Kaka, pole na kazi. Kinachokujazia moldi ndicho kinachokupasulia soketi.

Molekuli za nailoni ni kamba laini, zinasokotana. Za LCP ni vijiti vigumu, na hata zikiyeyuka hubaki zimeelekea upande mmoja. Ukizisukuma, zinalala kufuata mkondo na kuteleza. Ukizidisha kasi, mnato, yaani uzito wake wa kutiririka, unazidi kushuka.

Sasa tazama kichwa cha mkondo. Plastiki ya katikati inawahi kuliko ya ukutani, na ikifika mbele inatanuka kwenda kwenye kuta. Hapo vijiti vinavutwa vikalala kukingama njia. Vichwa viwili vikigongana, vijiti vya pande zote mbili viko sambamba na mstari wako, hakuna kinachovuka. Nyuzi za glasi nazo zinalala vivyo hivyo. Tena LCP huganda upesi sana, kwa hiyo hata ukiipa joto, muda wa kuchanganyika haupo.

Kemia_Mlimani:
Naongezea, maana hii mada naipenda sana. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa DuPont kule Marekani, alipata myeyusho wa polima yenye molekuli za vijiti kama hizi, mwepesi na wenye ukungu. Fundi wa mashine ya kusokota nyuzi alisita kuupitisha, akihofia utaziba matundu. Uliposokotwa ukatoa nyuzi ngumu ajabu, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa Kevlar, nyuzi za fulana za kuzuia risasi. Ukiongeza polima ya namna hiyo kwenye tindikali, mnato unapanda hadi kiwango fulani, halafu vijiti vinajipanga na mnato unaporomoka. Mkemia Paul Flory alishaonyesha kwa hesabu mwaka 1956 kwamba vijiti vikisongamana lazima vijipange.

Kwenye uzi, mzigo unafuata vijiti. Kwenye soketi ya FundiSindano, pini inasukuma kukatiza.

FundiSindano:
Nimewaelewa, asanteni. Sasa nimwambie nini mtu wa moldi?

Mama Polima:
Mwambie ahamishe mlango wa kuingilia plastiki, ili maungio yaangukie mahali ambapo pini haisukumi. Kama umbo halimruhusu, achonge kifuko kidogo cha ziada kando ya maungio, upande mmoja tu. Mikondo ikishakutana, plastiki iendelee kutiririka kuingia humo: inavuruga ule mpangilio na kuburuta vijiti vivuke mstari. Kifuko mnakikata baadaye. Njia za kutolea hewa nazo ziwepo hapo. Akikataa yote mawili, muulize mchoraji wa soketi kama pini inaweza kubana kwa nguvu ndogo kuliko sasa.