Mjadala: Mgeni anayeingia Ujerumani aanzie WG, au atafute nyumba yake peke yake?

Kijana wa Leipzig (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya kazi na uhamaji Septemba 2024, swali la makazi haliishi: anayekuja kwa Ausbildung (mafunzo ya kazi), uuguzi au masomo akae wapi akishashuka kwenye ndege? Wengi wanamshauri "panga kwako, usikae na watu usiowajua." Napinga. Hoja mezani ni hii: mwaka wa kwanza mgeni akae WG, yaani nyumba moja, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu vya wote.

Sababu ya kwanza ni karatasi, urafiki unafuata baadaye. Mwenye nyumba wa kawaida anataka hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya SCHUFA kuonyesha huna madeni mabaya, na mara nyingi barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hakudai kodi. Aliyetua wiki iliyopita hana hata moja. Watu wa WG wanataka kujua kama unalipa kwa wakati na kama unaosha sufuria yako.

Ya pili ni fedha za kuanzia. Nyumba ya peke yako mara nyingi hukabidhiwa tupu, na tupu ya kule ni tupu kweli: waya zinaning'inia darini pasipo taa, na jikoni unaweza usikute hata sinki. WG ina jiko, friji, mashine ya kufulia na intaneti tayari. Amana nayo kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, yaani kodi kabla ya kuongeza joto, maji na takataka. Chumba cha Kaltmiete ya euro 350, amana haipiti 1,050. Nyumba ya 700, inafika 2,100. Mwanafunzi anaachiwa na akaunti yake iliyofungwa, ile anayoiwekea fedha mapema kwa ajili ya viza, euro 992 tu kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe.

Bi Mkataba

Mleta mada, umeeleza faida bila kusema ni WG ya mkataba gani. Jina ni moja, mikataba ni mitatu, na hatari zake hazifanani.

Mkataba wa kwanza: wote mmesaini pamoja na mwenye nyumba. Hapo kila mmoja anadaiwa deni zima. Nyumba ya euro 1,600 ya watu wanne, wawili wakitoroka, mwenye nyumba ana haki ya kukudai wewe 1,600 yote, si 400 yako. Kuwafukuzia waliokimbia ni kazi yako. Tena huwezi kujitoa peke yako: notisi inatolewa na wote kwa pamoja, au mwenye nyumba akubali kwa maandishi kubadilisha jina.

Wa pili: mmoja ni mpangaji mkuu, wengine mmepanga kwake. Ndiyo WG wanayoingia wageni wengi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Chumba kikiwa kina samani zake na yeye mwenyewe anaishi humo, sheria inamruhusu kukupa notisi tarehe 15 utoke mwisho wa mwezi huohuo. Wiki mbili! Na mkataba wake na mwenye nyumba ukifa, wako hauna pa kushikilia. Mwenye nyumba anakudai umrudishie chumba chake.

Wa tatu: kila mtu ana mkataba wake moja kwa moja na mwenye nyumba, kwa chumba chake. Huu ndio mzuri, na ni adimu nje ya hosteli za Studierendenwerk (shirika la huduma za wanafunzi) na nyumba za makampuni.

Basi hoja iandikwe upya: mgeni akae WG *ya mkataba wa tatu*, na akienda wa pili aone kwanza kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi. Mpangaji mkuu anayepangisha bila kibali anajitia katika hatari ya kufukuzwa, na wewe unaondoka naye.

Mwana wa Likoni

Naunga mkono hoja ya mleta mada asilimia mia. Upweke wa Januari kule si mchezo, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Bi Mkataba

Mwana wa Likoni, upweke haulipi deni la euro 1,600.

Fundi Mita

Mnabishana juu ya mikataba, lakini ugomvi wa kila siku uko kwenye bili. Waliokulia nyumba za kupanga za Dar wanaujua: LUKU moja, wapangaji sita, na mwenye friji anaambiwa aongeze. Ujerumani ugomvi ni uleule, ila unakuja mara moja kwa mwaka na umevimba.

Unachotoa kila mwezi kwa joto na maji ni makadirio. Mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha kukuletea hesabu kamili. Kwa joto, sheria inataka asilimia 50 hadi 70 ya gharama igawanywe kwa matumizi ya kila nyumba, na iliyobaki kwa ukubwa wa eneo. Lakini bili inakuja kwa nyumba nzima, haijali chumba cha nani kiliacha dirisha wazi. Mmoja akiweka kizungusho cha kipasha joto kwenye 5 huku dirisha limelazwa nusu (limeinamishwa, likabaki wazi juu), mnachangia wote kupasha joto barabara.

Namba zile watu huzielewa vibaya, wakidhani 5 inapasha *haraka* zaidi. Ni kiwango cha kusimamia: 3 ni kama nyuzi 20, na kikifika hapo kinajifunga chenyewe. Kuweka 5 hakukuletei joto mapema, kunachelewesha tu kujifunga.

Dirisha la kulaza nusu lina ubaya wa pili. Ukuta unaolizunguka unapoa, unyevu wa pumzi, wa bafu na wa nguo unazoanika chumbani unaganda pale, na baada ya wiki kadhaa unaona kuvu nyeusi pembeni. Siku ya kuondoka amana inakatwa. Tiba ni kuzima kipasha joto, kufungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, kufunga, kuwasha tena, mara mbili tatu kwa siku. Mgeni anayeishi peke yake huambiwa hayo na mwenye nyumba wakati kuvu imeshaota. Kwenye WG anaambiwa siku ya kwanza, pengine kwa ukali. Kwa hiyo mimi niko upande wa mleta mada, kwa sababu yangu hiyo.

Umeme ni mkataba mwingine, mara nyingi kwa jina la mtu mmoja na nje ya kodi. Siku ya kuingia piga picha ya mita yenye namba na tarehe, iweke kwenye kundi la nyumba. Bila hiyo utalipia umeme wa mtu uliyemrithi chumba.

Shangazi wa Hamburg

Wanangu, nawasoma. Mmesahau swali ambalo vijana wananiuliza: WG na nani? Wengi wanakwenda moja kwa moja kwa watu wa nyumbani. Vijana wanne, Kiswahili asubuhi hadi usiku, ugali Jumapili. Raha tupu. Halafu mwaka unapita na Kijerumani kimebaki cha dukani, na mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B2 unamsubiri, ule unaotakiwa kwa kawaida ili cheti cha uuguzi cha nje kitambuliwe.

Mimi nasema mchanganyiko. Lugha ya nyumbani haifundishwi darasani: ratiba ya usafi iliyobandikwa kwenye friji, ugomvi wa nani hakutoa taka za karatasi, simu kwa fundi bomba. Huko ndiko ulimi unakolainika.

Mwana wa Likoni

Shikamoo shangazi. Kwa heshima, hapo nakataa. Kwenye WG nyingi za vyuo, mgeni akiingia jikoni wenzake wanageukia Kiingereza ili kumsaidia. Anakaa miaka miwili na Wajerumani, anatoka na Kiingereza kizuri. Na kuna WG ambazo wenyewe wanaziita Zweck-WG, za kupunguza kodi tu: kila mtu na rafu yake ya friji, salamu kwenye korido, mlango unafungwa. Huko lugha inatoka wapi? Watu wa nyumbani angalau ukiugua wanakupikia uji.

Shangazi wa Hamburg

Marahaba mwanangu. Basi siku ya kwanza mezani awaambie kwa Kijerumani: naomba msibadilishe lugha hata nikikosea. Wengi watakubali. Na kabla ya kuhamia, siku ya kwenda kuonana na wakazi wa nyumba, aulize kama wanapika pamoja. Jibu la swali hilo linakuambia ni nyumba ya aina gani kuliko tangazo zima. Uji wa watu wa nyumbani aufuate mwisho wa wiki.

Mlinzi wa Tangazo

Kabla hamjamtuma mgeni kutafuta WG, mwelezeni utapeli unavyokwenda, maana wanaonaswa ndio hao walio bado Nairobi au Mwanza.

Tangazo lina picha safi na bei iko chini mno kwa mji ule. "Mwenye nyumba" yuko nchi nyingine kikazi, hawezi kuonyesha. Anatuma picha ya pasipoti bila kuombwa. Anasema tuma amana na kodi ya mwezi mmoja, funguo zitakuja kwa posta. Hakuna funguo. Dawa ni kuomba simu ya video ya moja kwa moja, afungue mlango wa chini mbele ya kamera, aonyeshe jina kwenye kengele, bafu, kisha dirisha na barabara. Tapeli wa aina hii hana nyumba, atatafuta sababu. Hela isitoke kabla ya mkataba uliosainiwa, wala isipite kwenye huduma za kutuma fedha taslimu.

Amana ina mtego mwingine hata kwa watu waaminifu. Kwenye WG mara nyingi humlipi mwenye nyumba. Unamlipa anayeondoka, naye anatoka na hela yako kama amana yake. Uharibifu alioufanya umebaki kwenye jina lako. Kabla ya kulipa, zungukeni chumba pamoja, mwandike kila doa la zulia na kila tundu la msumari, mwenye nyumba au mpangaji mkuu asaini.

Msimamizi wa Bweni

Nyote mmepita juu ya jambo linalomkwamisha mgeni wiki ya kwanza: kuandikisha anwani yake kwenye ofisi ya mji, Anmeldung. Sheria inampa wiki mbili tangu kuhamia. Ofisini anatakiwa aje na Wohnungsgeberbestätigung, barua ya anayempa makazi, mpangaji mkuu naye anaweza kuisaini. Tangazo likisema "ohne Anmeldung" (bila kujiandikisha), mgeni asiliguse hata likiwa la bei ya kutupa: bila usajili, kibali cha ukaazi kinakwama, na benki nyingi hazimfungulii akaunti. Wala asinunue anwani ya mtu. Anayetoa anwani kwa mtu asiyeishi hapo anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000.

Baada ya kujiandikisha itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Inadaiwa kwa *nyumba*, si kwa kichwa. Kwenye WG ya wanne ni euro 4.59 kila mmoja: mmoja analipa, wengine wanajibu barua kwa kuandika namba yake ya uchangiaji. Usipojibu wanakusajili wenyewe na deni linakimbia.

Mama Watoto Wawili

Samahanini, naona mnazungumza kana kwamba kila mgeni ni kijana asiye na ndoa. Mume wangu ana mkataba wa kazi huko. Akikaa WG, mimi na watoto tunakuja vipi?

Bi Mkataba

Dada, hapo WG mara nyingi inakuwa kikwazo. Kuunganisha familia kwa kawaida kunadai makazi ya kutosha, ila tangu Machi 2024 sharti hilo halimhusu mwenye kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi, basi aangalie kwanza kibali chake. Kwa wengine kipimo kinachotumika ni mita za mraba 12 kwa kila aliyetimiza miaka sita na kuendelea, 10 kwa mtoto wa chini ya hapo, pamoja na haki ya kutumia jiko na bafu. Wazazi wawili, mtoto wa miaka nane na wa miaka mitatu: 46. Chumba cha WG cha mita 14 hakikaribii. Mumeo anaweza kuanzia WG, ila aanze kuwinda nyumba mara akishapata hati tatu za mshahara, kabla hamjapeleka maombi ya viza. Na asisaini mkataba wa pamoja, asije akanaswa kwenye notisi ya wenzake. Achague ule anaoweza kuuvunja mwenyewe: notisi ya kawaida ya mpangaji ni miezi mitatu, ikifika kabla siku ya tatu ya kazi ya mwezi haijaisha, mwezi huo unahesabiwa.

Kijana wa Leipzig (mleta mada)

Nimesikia. Narekebisha hoja: WG mwaka wa kwanza, kwa asiye na familia inayomfuata, mkataba usomwe kabla ya picha za jiko, na kibali cha mwenye nyumba kionekane. Shangazi, kuhusu mchanganyiko nakubaliana nawe. Mwana wa Likoni bado simkubalii.

Msimamizi wa Bweni

Ongeza moja: aandike jina lake kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo anapoingia, hata kwa karatasi na gundi. Namba ya kodi ya mapato inakuja kwa posta, na tarishi asipoliona jina anaondoka na barua. Mwajiri akikosa namba hiyo anaweza kumkata mshahara kwa daraja la sita la kodi, lenye makato makubwa kuliko yote.

Mwana wa Likoni

Jina lote au la mwisho tu?

Msimamizi wa Bweni

La mwisho, lilivyo kwenye pasipoti. Si la Facebook.