Habari za tabianchi, lazima ziwe na "pande mbili"?

nahodha77: Wakuu habari za jioni. Juzi redioni walimwita mtaalamu wa hali ya hewa pamoja na jamaa anayesema joto kupanda ni hadithi tu, wote wakapewa muda sawasawa, mtangazaji akamalizia "msikilizaji amua mwenyewe". Mzee wangu kaamua kweli, anasema wataalamu wenyewe hawajaelewana. Hivi hiyo ndo haki ya uandishi wa habari au tunapotoshwa?

mkulima_wa_jioni: Mnapotoshwa mkuu, na mbinu hiyo ni ya zamani. Januari 1954 kampuni za sigara Marekani zililipia tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 kwamba ushahidi wa sigara na kansa bado una utata. Hazikuhitaji kushinda hoja, zilitaka tu watu waendelee kuona kuna ubishi, na waandishi nao kila habari wanatafuta "upande wa pili". Memo ya ndani ya kampuni moja ya mwaka 1969 inasema wazi kabisa kwamba bidhaa yao ni shaka. Hata baadhi ya watu ni wale wale, kwa mfano Frederick Seitz, mwanafizikia mkubwa tu, aliishauri R.J. Reynolds ya sigara halafu baadaye akawa mstari wa mbele kupinga sayansi ya joto la dunia. Watu wamekufa huku "mjadala" unaendelea, inaniuma sana.

pwani_yetu: BBC pia yaliwakuta. 2017 walimhoji Nigel Lawson, aliyekuwa waziri wa fedha Uingereza, akadai joto la dunia limeshuka kidogo ndani ya miaka kumi, mtangazaji akaacha ipite hivyo hivyo. Wakaja kukiri kosa, na 2018 wakawaambia waandishi wao si lazima kuleta mpinzani ili habari iwe na mizani.

kalamu_kavu: Sawa ila mkimnyima maiki ataenda kwenye magrupu ya Wasapu, huko nani atamuuliza? Bora aje abanwe.

mkulima_wa_jioni: @kalamu_kavu abanwe na nani, kama mtangazaji mwenyewe hajui hewa ya kaboni (CO2) inayopasha dunia joto imetoka chembe kama 280 kabla ya viwanda mpaka kupita 420 kwa kila chembe milioni za hewa? Ubishi wa kweli upo tele. Bomba la mafuta la Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, nani anafaidika, nani kapisha shamba lake na kalipwa nini, hapo leteni pande hata tano.